Ajenda Namba Saba: Mambo Yanavyoamuliwa Kitivoni

Wiki ya tatu ya BTP nilikuwa Ifakara, nikifundisha Historia na Kiswahili kidato cha pili. Alhamisi jioni nilimaliza kusahihisha madaftari ya mkondo mzima, nikafungua simu, nikakuta kundi la darasa letu linawaka moto. Tangazo la kitivo lilikuwa limetoka: mitihani ya marudio ingeanza Jumatatu inayofuata, na ingefanyika chuoni. Yaani kila mwenye sapu, awe Newala au Kasulu, aage shule aliyopangiwa, atafute nauli, arudi chuoni, akimaliza mtihani arudi tena kituoni kumalizia wiki zake za kufundisha.

Mwenzetu mmoja alikuwa amepangiwa kata moja huko Mlimba. Anayeijua njia ya bonde la Kilombero ataelewa. Mlimba ni mbele ya Ifakara, kwenye reli ya TAZARA, na yeye hakuwa mjini hapo kwenye stesheni bali kijiji cha ndani ambako mtandao unapatikana ukipanda kilima nyuma ya nyumba za walimu. Alikuwa na sapu mbili. Ujumbe aliuona Jumamosi mchana.

Kwenye kundi watu walishambulia kila mtu: uongozi, serikali ya wanafunzi, Bodi ya Mikopo ambayo kwa kweli haikuhusika. Kisha mmoja akauliza swali la maana: "Hivi mwakilishi wetu kwenye Bodi ya Kitivo ni nani? Alikuwa wapi haya yakipitishwa?"

Mwakilishi nilikuwa mimi. Na kikaoni nilikuwepo.

Nieleze ilivyokuwa. Kikao kilifanyika miezi miwili kabla, siku ya Alhamisi, saa nane mchana. Makabrasha nilitumiwa siku mbili kabla, kurasa sitini na kitu, na mimi nilikuwa na jaribio la Saikolojia ya Elimu asubuhi ile, kwa hiyo nilipiga msuli wa jaribio, makabrasha nikayaacha. Nilifika, nikasaini orodha ya mahudhurio, nikakaa karibu na dirisha. Ajenda namba tano ilikuwa ya mtaala mpya wa shahada moja, wahadhiri wakabishana karibu saa nzima. Tukapewa chai na sambusa. Ajenda namba saba ilikuwa "Marekebisho ya Kalenda ya Masomo". Mwenyekiti alisoma aya mbili, akauliza kama kuna mjumbe mwenye hoja, kukawa kimya, akasema, "Basi tumeridhia." Haikufika dakika tatu. Nakumbuka mimi mwenyewe nilitikisa kichwa kukubali, kama mtu anayejua anachokikubali.

Muhtasari wa kikao kile ninao. Umeandikwa: "Wajumbe walijadili na kuridhia." Mjumbe mmojawapo ni mimi, na sikujadili kitu.

Tangu siku ile nimejifunza habari za vikao kuliko nilivyojifunza katika kozi yetu ya Uongozi na Usimamizi wa Elimu, na nimeona niwaandikie wenzangu, hasa wa mwaka wa kwanza ambao mwezi ujao mtaombwa kura. Wengi wetu tunadhani chuo kinaendeshwa na mtu. Tunasema "Makamu Mkuu kaamua" au "Dini kakataa". Ukweli ni kwamba chuo kikuu kinaendeshwa na vikao, na kila kikao kina mipaka yake, na uamuzi ukishapita ngazi fulani hata huyo Makamu Mkuu wa Chuo hawezi kuugeuza peke yake bila kurudi kikaoni.

Kwanza tutenganishe majina, maana hata mimi nilichanganya. Mkuu wa Kitivo, ambaye vyuo vingine humwita amidi, ni mkuu wa taaluma: masomo, wahadhiri, mitihani ya kitivo. Mshauri wa Wanafunzi ni mtu mwingine kabisa, anashughulika na malazi, afya, nidhamu na maisha yetu ya kila siku. Wote wawili mitaani tunawaita "dini", na nimeshaona mtu akikaa foleni asubuhi nzima kwa mmoja na shida yake ni ya mwenzake.

Sasa ngazi zenyewe. Jambo la kitaaluma huanzia idarani. Wahadhiri wa idara hukutana, mkuu wao akiwa mwenyekiti, na hapo ndipo matokeo ya kozi hutazamwa mara ya kwanza, ndipo kozi mpya huzaliwa na ya zamani huuawa. Kutoka idarani jambo hupanda Bodi ya Kitivo. Humo mwenyekiti ni Mkuu wa Kitivo, na wajumbe kwa kawaida ni wakuu wa idara, maprofesa, wawakilishi wa wahadhiri, mtu wa maktaba, wageni wachache kutoka vitivo jirani, na wawakilishi wa wanafunzi. Kutoka hapo jambo huenda kwenye kamati za Seneti, na kutoka kamati huenda Seneti yenyewe, ambayo ndiyo kauli ya mwisho katika taaluma: nani kafaulu, nani kadisko, nani anatunukiwa nini. Juu yake kuna Baraza la Chuo, lenye watu wengi wa kutoka nje ya chuo, linaloshika mali, fedha, ajira na sera. Mkuu wa Chuo tunamwona siku ya mahafali, amevaa joho lake, na wala hakai kwenye vikao vya kila mwezi.

Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, ile iliyoanzisha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, imeweka sura hii ya jumla ya Baraza na Seneti kwa vyuo vya umma na vya binafsi, kisha kila chuo kina hati idhini yake inayoeleza undani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, kilikuwa kikiongozwa na sheria yake ya 1970 mpaka kilipopata hati idhini mwaka 2007. Hati ya chuo chetu ipo maktaba. Nilipoiomba, mkutubi alinitazama usoni akauliza kama nina kesi.

Kitu kilichonifungua macho zaidi katika makabrasha ni vitenzi. Ukisoma ajenda, tazama kitenzi. "Kupokea taarifa" maana yake jambo limeshaamuliwa kwingine, mnaambiwa tu. "Kupendekeza" maana yake ninyi hamna mamlaka ya mwisho lakini kauli yenu itapanda juu. "Kuridhia" au "kuidhinisha" maana yake hapo ndipo mlango unafungwa. Ajenda namba saba ilisema bodi "inaombwa kujadili na kupendekeza kwa Seneti". Kwa hiyo siku ile mlango ulikuwa bado wazi. Ilipofika Seneti, mapendekezo ya vitivo vyote yalikuwa kwenye jedwali moja, na hakuna kitivo kilichokuwa kimeandika pingamizi. Seneti ya watu wengi namna ile haiwezi kuanza kuuliza kama kuna wanafunzi wa ualimu watakaokuwa Mlimba wiki hiyo. Kazi ya kujua hilo ilikuwa ya kitivo cha ualimu, na kwenye kitivo cha ualimu, kwa upande wa wanafunzi, ilikuwa yangu.

Ndiyo maana nasema, ukisubiri jambo lifike Seneti ndipo upige kelele, umeshachelewa. Rais wa serikali ya wanafunzi huwa anakaa Seneti, na kila mwaka tunamchagua kwa mbwembwe nyingi, ngoma na mabango. Lakini huko juu anakuta chakula kimeshapikwa. Sufuria lipo idarani na kitivoni, ambako viti vya wanafunzi mwaka huu vilijazwa bila kupingwa kwa sababu hakuna aliyevitaka. Mimi nilipata changu kwa kuwa CR wetu alinisukuma nijaze fomu dakika ya mwisho. Sikupigiwa kura hata moja.

Hapa nirudi nyuma kidogo, maana sisi wa Historia hatuwezi kujizuia.

Elimu ya chuo kikuu ilianza hapa kwetu tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kwa kitivo kimoja tu, cha Sheria, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Lakini shahada haikuwa yetu. Chuo kilikuwa kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na wakubwa wa mitihani walikuwa huko. Mwaka 1963 tukaingia Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, kwa hiyo uamuzi wa mwisho ukawa wa watu wa nchi tatu. Tarehe 1 Julai 1970 ndipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikasimama chenyewe, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo na Pius Msekwa akiwa Makamu Mkuu. Katika miaka tisa mtu wa kutia saini shahada ya mwanafunzi wa Dar alibadilika mara mbili.

Mwaka mmoja tu baada ya hapo, Julai 1971, likatokea sakata ambalo wanafunzi wa zamani bado wanalitaja kwa jina la mtu: Akivaga. Symonds Akivaga alikuwa Mkenya, rais wa chama cha wanafunzi, DUSO. Aliandika barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo, akilaumu namna uongozi ulivyokuwa ukiamua mambo kirasimu bila kuishirikisha jumuiya ya chuo. Askari wa FFU wakaingia Mlimani wakamchukua, wenzake wakasusa masomo. Tukilisimulia tunapenda sana sehemu ya askari. Mimi siku hizi navutiwa zaidi na kilichokuwa ndani ya barua. Kijana yule alikuwa analalamikia vikao! Alikuwa anauliza nani anaamua, wapi, na kwa nini wanaoamuliwa hawamo. Kwa swali hilo aliondolewa chuoni. Leo viti alivyokuwa anavidai vipo kwa mujibu wa kanuni, na mimi nilikikalia kimoja nikala sambusa.

Wala hili si la kwetu tu. Mwaka 1918 wanafunzi wa Córdoba, Argentina, waligoma kupinga chuo kilichokuwa kikiendeshwa na wakubwa wachache wasiobadilika, na vuguvugu lile likaenea Amerika ya Kusini, wanafunzi wakapata viti katika uendeshaji wa vyuo. Jirani zetu Wakenya mwaka 2016 walibadili sheria yao ya vyuo vikuu: wanafunzi wasimchague rais wao moja kwa moja, wachague kwanza wawakilishi wa idara na vitivo, na hao ndio wachague viongozi wa juu. Wapo Wakenya waliouchukia utaratibu huo, wakisema ni rahisi kuwanunua wajumbe wachache kuliko wanafunzi maelfu. Hofu hiyo naielewa. Ila una jambo moja zuri, kwamba hakuna atakayesahau kuwa idara ina mwakilishi.

Nirudi Ifakara. Mjini pale kuna mfano mzuri wa ngazi ambao sikuwa nimeufikiria kabla ya kwenda. Kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Mtakatifu Fransisko cha afya, kilichoanzishwa 2010 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT, chenye makao makuu Mwanza. Vijana wa udaktari wanasoma hatua chache kutoka kwenye hospitali wanakojifunzia, na hicho ndicho kinachoitwa chuo kikuu kishiriki: masomo yako hapa, shahada ni ya chuo mama. Nilipokutana na mmoja wao kwenye kibanda cha chipsi, tulilinganisha maumivu. Mimi nikilalamika kwamba Seneti iko mbali nami, nina maana ghorofa ya nne. Yeye na chuo mama, katikati kuna mikoa kadhaa.

Alinisimulia pia jambo la kamati nyingine nisiyoijua, ya maadili ya utafiti. Ifakara ni mji wa utafiti. Taasisi ya Afya Ifakara ilizaliwa kutokana na maabara ndogo aliyoianzisha Mswisi Rudolf Geigy miaka ya 1950, na leo kazi yake ya malaria inajulikana dunia nzima. Mahali kama hapo huwezi kumtoa mtu tone la damu kwa ajili ya utafiti wako kabla ya jopo kusoma pendekezo lako na kuuliza huyo mtu ataelezwaje, ataruhusiwa kukataa, akiumia itakuwaje. Kamati ile inalinda mtu ambaye hayumo chumbani. Nikawaza, kama watafiti wanaweza kuuliza "huyu asiyekuwepo itamgusaje?", kwa nini bodi yetu isiulize hivyo kuhusu tarehe ya mtihani?

Lakini aliyenifundisha kweli kweli ni mama mwenye nyumba niliyopanga. Mama yule ni mkulima wa mpunga na ni katibu wa chama cha wamwagiliaji katika skimu moja ya bondeni. Skimu za namna hiyo ziko kadhaa kwenye bonde la Kilombero, Mkula, Msolwa Ujamaa, Njage na nyinginezo, na tangu Sheria ya Taifa ya Umwagiliaji ya 2013 vyama vya wamwagiliaji vinatambulika kisheria. Mimi nilidhani maji yanatiririka tu. Kumbe kuna zamu, kuna kamati ya maji, kuna faini, kuna mkutano mkuu.

Ile Alhamisi ya tangazo alinikuta nimekaa barazani, simu mkononi, sijala.

"Mwalimu, kuna msiba?"

"Hapana mama. Kuna kikao niliharibu."

Nikamweleza. Hakunihurumia sana. Aliingia ndani akatoka na daftari kubwa la mistari, jalada limeshonwa kwa uzi, akalifungua kwenye mapaja. Kila kikao kimeandikwa tarehe, waliohudhuria, wasiohudhuria, na wasiohudhuria bila taarifa wana safu yao peke yao.

"Tazama hapa," akaniambia. "Hawa wenye majaruba mdomoni mwa mfereji, hawakosi. Hawa wa mkiani hawaji. Wanasema ni mbali, tena wanasema wa mdomoni ndio wenye sauti. Sasa ukipanga zamu na watu wa mdomoni peke yao, unadhani maji yatafika mkiani saa ngapi?"

"Usiku."

"Usiku wa manane. Halafu asubuhi wanakuja kwangu na majembe wananigombeza mimi katibu. Nawaonyesha daftari. Kikao hiki hukuja. Hiki ulikuja, hukusema. Mwanangu, anayekuja akanyamaza ananipa tabu kuliko asiyekuja, maana asiyekuja naweza kumtetea kwamba hakusikia."

Hapo alinipata. Kisha akanionyesha utaratibu wao ambao natamani kitivo chetu kiuige. Kabla ya kuandika kwamba wamekubaliana, mwenyekiti anauliza kwa majina ya mikondo: mdomoni mmesikia? katikati mmesikia? mkiani nani amekuja? Kama wa mkiani hayupo hata mmoja, zamu haipitishwi, inaahirishwa kwa siku tatu na mjumbe anatumwa na baiskeli. Huko kwetu tunahesabu akidi tu, yaani idadi ya vichwa. Akidi inaweza kutimia na mkiani asiwepo hata mtu mmoja.

Usiku ule nikaandika barua. Nilitaka kuipeleka moja kwa moja kwa Makamu Mkuu wa Chuo, hasira zilikuwa hizo. Mama akaniuliza swali dogo: "Huko kwenu barua haipiti kwa mtu?" Inapita. Barua ya mwanafunzi kuhusu taaluma huandikwa "Kupitia kwa Mkuu wa Idara", "Kupitia kwa Mkuu wa Kitivo", na ukiruka ngazi hurudishwa kwenye ngazi uliyoiruka, umepoteza siku. Ijumaa saa mbili asubuhi nilimpigia simu mkuu wangu wa idara, nikamtumia barua kwa barua pepe. Niseme kweli, alinisikiliza vizuri. Akasema tarehe hazitabadilika kwa sababu Seneti imeshaidhinisha na watahini wa nje wamepangiwa safari. Lakini akanieleza kwamba Mkuu wa Kitivo anaweza kuchukua hatua ya mwenyekiti: kuamua jambo la dharura kwa niaba ya bodi, kisha kulitolea taarifa kikao kinachofuata ili walibariki au walikatae. Jioni ukatoka waraka wa mistari mitano. Wenye sapu waliruhusiwa kuondoka vituoni kwa siku za mitihani bila kuhesabiwa watoro, na atakayeshindwa kufika kwa sababu ya kuchelewa kupata taarifa ataomba kwa maandishi, akiambatisha barua ya mkuu wa shule.

Nauli haikutajwa popote. Sikuwa nimeiandika kwenye barua yangu. Hilo nalo ni somo, kwamba kisichoombwa hakijadiliwi.

Yule mwenzetu wa Mlimba alitoka kijijini Jumapili alfajiri kwa bodaboda, akapata gari mpaka Ifakara, akalala kwangu, mama akampikia ubwabwa na perege. Jumatatu asubuhi mtihani wake wa kwanza ulifanyika yeye akiwa njiani. Wa pili, wa Jumatano, aliuwahi na akafaulu. Kwa ule wa kwanza aliandika ombi, mkuu wa shule akamwandikia barua kwamba tangazo lilimfikia Jumamosi. Ombi lake likakaa. Halikukaliwa na mtu mbaya. Lilikaa kwa sababu ombi la mtihani maalumu haliwezi kuamuliwa na karani, linahitaji kikao, na kikao kilikuwa baada ya chuo kufunguliwa. Na kwa kuwa matokeo yake hayakukamilika, jina lake halikuwa kwenye orodha ya wanaoendelea iliyokwenda Bodi ya Mikopo, na bumu la kwanza la mwaka wa tatu halikumkuta. Wiki tisa aliishi kwa kula kwetu kwa zamu. Yeye hakunilaumu hata siku moja, na ningependelea anilaumu.

Kikao cha bodi kilipofika safari hii nilisoma makabrasha yote. Niliyasoma na wenzangu wawili wa mwaka wa pili kwa kugawana kurasa, tukaandika maswali pembeni kwa penseli. Nitawapa niliyojifunza kwa ufupi, nimeshaandika mengi. Muhtasari wa kikao kilichopita huthibitishwa mwanzoni, na hapo ndipo pa kusahihisha kilichoandikwa vibaya. Ukipita hapo, kilichoandikwa ndicho kilichosemwa. Ajenda ya "yatokanayo" ndiyo mahali pa kuuliza jambo la zamani limefikia wapi, na mjumbe mwanafunzi ana haki hiyo kama profesa. Usisubiri "mengineyo" mwishoni, watu wameshafunga mafaili na wanatazama saa, na wenyeviti wengi hawaruhusu jambo zito kuingizwa hapo bila taarifa ya awali. Ukiwa na jambo, mpelekee katibu kwa maandishi kabla ajenda haijachapwa. Mkifika kwenye matokeo ya mtu mmoja mmoja au nidhamu ya mtu, utaombwa utoke. Usinune. Hata wewe usingependa mwenzako wa darasa asikilize alama zako zikijadiliwa, na kazi yako katika hayo inatakiwa iwe imeshafanyika kwenye kanuni, kabla ya majina kuletwa. Na ukipinga jambo, sema, "Naomba iandikwe." Maneno mawili tu. Niliyasema kwa mara ya kwanza sauti ikitetemeka, katibu akainua kichwa, akaandika.

Wapo wenzangu wanaosema haya yote ni kujipendekeza kwa uongozi, kwamba wanafunzi wawili kati ya wajumbe thelathini hawawezi kushinda kura. Ni kweli hawawezi. Lakini katika vikao vitano nilivyohudhuria sijaona kura ikipigwa hata mara moja. Mambo hupita kwa kukosekana mtu wa kusema kitu, au hurudishwa idarani kwa sababu mtu mmoja ameuliza swali ambalo hakuna mwenye jibu lake. Wala sisemi mgomo hauna nafasi. Kuna siku vikao vyote hufungwa masikio. Ila ajenda namba saba haikuhitaji mgomo. Ilihitaji mtu mmoja aseme, "Mwenyekiti, wiki hiyo sisi tutakuwa BTP."

Ombi la mwenzetu lilikuja kama jambo la kanuni: je, aliyechelewa kupata taarifa kwa ushahidi ahesabiwe ameshindwa au hakuwahi kufanya? Bodi ilikubali kupendekeza kwamba ahesabiwe hakuwahi kufanya. Seneti iliridhia mwezi uliofuata. Alifanya mtihani maalumu Januari, akapata B.

Nami niliomba kwamba tarehe za mitihani ya marudio zisipelekwe Seneti kabla ya kulinganishwa na kalenda ya BTP, na kwamba tangazo litoke siku ishirini na moja kabla. La kwanza limepita. La pili limerudishwa kwa kamati ya ratiba "kwa uchambuzi zaidi", na wazoefu wanajua maana ya maneno hayo. Kamati hiyo inakutana Machi. Mimi muda wangu unaisha Februari, na hadi ninapoandika hakuna mtu wa mwaka wa pili aliyechukua fomu ya kiti hicho. Fomu ziko ofisi ya serikali ya wanafunzi, ni bure. Daftari langu la maswali, lenye kurasa nilizozikunja, nitamwachia atakayelitaka.